Minuti Kumi za Komisyonere



Mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba hapa Lubumbashi anayajua maneno haya: "Masomo iko pale tu, mama. Minuti kumi." Komisyonere huyatamka akiwa amesimama mlangoni mwa lupango, ufunguo mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha kuelekea kule miti inakoonekana. Mkono ule unapita juu ya mabati na miembe. Mtoto atapita chini, penye mtaro, penye mbwa wa jirani, penye barabara ya makamyo. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya hizo minuti kumi, kwa sababu tuko kwenye majira ya baridi, shule zimefungwa, na jamaa nyingi ziko mbioni kuhama kabla Septemba haijafika.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mwezi wa saba kama huu, mimi na mke wangu tulipata nyumba upande wa komine ya Annexe. Vyumba vitatu, sementi chini, kisima ndani ya lupango, na kodi ambayo mshahara wetu uliiweza. Mwenye nyumba alidai garanti ya miezi sita. Tukalipa, ingawa sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kukaa inaweka kikomo cha miezi mitatu. Mtu akishafunga vyombo vyake kwenye mkokoteni, sheria huikumbuka baadaye. Shule tulionyeshwa siku hiyo hiyo, na kweli haikuwa mbali. Kati yake na nyumba palikuwa na kijito, lakini mwezi wa saba kijito kile kilikuwa mstari wa majani mabichi tu, na watu walikuwa wameweka ubao juu yake. Binti yetu aliuvuka kwa kuruka mguu mmoja, akicheka.

Mvua ilianza Novemba. Ilipofika Januari, ule mstari wa majani ulikuwa na upana wa barabara, maji mekundu yanakwenda kwa kelele. Asubuhi moja ubao haukuwepo. Watoto wakubwa walivua viatu, wakaviweka vichwani, wakavuka wameshikana mikono. Wetu alikuwa wa kalasi ya kwanza, miaka sita. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja, soksi nyeupe imegeuka rangi ya kichuguu, akaniambia kwamba kiatu kingine "kimeenda Kafubu", mtoni. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulikubali jambo lile kama sehemu ya kwenda shule, na hilo ndilo lililoniuma mimi. Juma lile alikosa siku tatu. Juma lililofuata tukaanza kumlipa manseba ampakie kwenye pikipiki kwa kuzunguka njia ya daraja, na pesa tuliyodhani tumeiokoa kwenye kodi ikaanza kutoka asubuhi na mchana, noti moja moja.

Simlaumu komisyonere. Kazi yake ni kufungua mlango, na mpangaji akiingia naye apate mwezi wake mmoja. Kosa lilikuwa letu. Tulichagua nyumba kwanza, kisha tukaitafutia shule. Tungepaswa kufanya kinyume chake: kuanza na shule, halafu kuzunguka pembeni yake tukiuliza nyumba.

Ndugu zetu walioko ng'ambo wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Marekani, katika miji mingi, anwani ya nyumba ndiyo inayoamua mtoto ataingia shule gani ya msingi ya serikali, na sehemu ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majumba ya eneo lile lile. Ufaransa nayo ina ramani ya shule tangu 1963, kila mtaa na shule yake, ingawa mwaka 2007 serikali ililegeza kamba kidogo. Mkongomani akifika huko, kabla hajauliza bei ya nyumba, wenyeji humuuliza watoto wake wana miaka mingapi. Mstari umechorwa na ofisi, na ukiwa upande wa pili wa mstari huna la kufanya ila kuhama.

Kwetu hakuna ofisi iliyochora mstari. Mzazi wa Katuba akitaka kumwandikisha mtoto shule ya mjini, hakuna karatasi ya kumzuia. Kipengele cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, wala hakitaji mtaa. Zaidi ya hayo, tunazo shule za namna nyingi: za serikali zenyewe, za serikali zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu kwa mkataba ulioanza 1977, na za watu binafsi ambazo vibao vyao vya "complexe scolaire" unaviona karibu kila kona. Kwa hiyo mzazi husema: mimi niko huru, nitapeleka mtoto ninapotaka. Ni kweli, yuko huru. Lakini mtoto wa miaka sita ana miguu ya miaka sita, na miguu hiyo ndiyo inayochora mpaka. Mpaka huo hauonekani kwenye ramani yoyote ya komine, nao ni mkali kuliko ule wa Ufaransa, maana hauna mahali pa kwenda kuomba ruhusa.

Wazee wetu walikuwa na hali tofauti kabisa, na nadhani bado tunaishi na mazoea ya zama zao bila kujua. Union Minière ilianzishwa 1906, mji wetu 1910. Mwanzoni kampuni ilileta vijana peke yao, kwa mikataba mifupi, nao wakafa na kutoroka kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: ikataka mfanyakazi akae, aoe, azae palepale kambini. Ikajenga nyumba, ikaleta posho, ikajenga hospitali, ikajenga shule, na shule zile zikashikwa na Wabenedikto wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne. Reli nayo ikafuata njia hiyo kwa watu wake, tangu BCK mpaka SNCC. Baba akipata kazi, ufunguo wa nyumba na kiti cha mtoto kalasini vilikuja kwa mkono mmoja. Hakuna mzee wa kambi aliyetembea na komisyonere kuuliza masomo iko wapi. Shule ilikuwa mwisho wa barabara, na mtoto asipofika, kampuni ilijua kabla ya mama yake.

Sisemi ule ulikuwa wakati wa raha. Mkono ule uliotoa nyumba na shule ulikuwa pia unaamua mtoto asome mpaka wapi, na lengo lilikuwa kupata wafanyakazi wa kesho. Mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande, Wazungu huku, Waafrika kule, katikati kiwanja kitupu walichokiita eneo la kati, ili watu wasichanganyike. Mtoto mweusi aliachiwa shule za misheni peke yake mpaka 1954, Waziri Auguste Buisseret alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za kanisa. Huo ndio ulikuwa mpaka halisi wa shule katika mji huu, na ulichorwa kwa rangi ya ngozi. Anayetembea leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo, akapita huku mashabiki wanaelekea uwanja wa Mazembe, anavuka mahali ambapo babu yake alihitaji sababu ya kuvuka.

Mgodi ukataifishwa 1967, baadaye ukaitwa Gécamines, na desturi ya nyumba na shule ikaendelea. Kisha ukaanguka. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu familia hizi, kilichotoka 2001, na jina lake la Kifaransa maana yake ni Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Na alipoondoka aliacha vitu viwili ambavyo kila mzazi sasa anatakiwa kuviunganisha peke yake: paa na kalasi.

Halafu ikaja elimu bure. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio walioshika mzigo, na pesa ile ikapewa majina mengi, prime, motivasio, mradi sahani ya mwalimu isikae tupu. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akatangaza kwamba Katiba sasa itafuatwa. Mimi nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu katika lupango tulimokuwa tukikaa wakati ule kulikuwa na wasichana wawili waliokuwa wakiuza maandazi asubuhi, na Oktoba ile niliwaona na shati jeupe na sketi ya bluu. Mtu akiniambia elimu bure ilikuwa kosa, nitamtajia wasichana wale.

Ila kuta hazikuongezeka. Watoto waliingia kwa mamilioni nchini kote ndani ya majengo yale yale. Kuna shule za serikali ambamo mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto zaidi ya mia, benchi ya watatu inakaliwa na watano, wengine wanaandikia magotini. Shule nyingi zikagawa siku: kundi la asubuhi, kundi la mchana. Walimu nao, wengine hawajaandikwa kwenye orodha ya malipo, wakaanza migomo. Mwaka wa shule wa 2021 ulifunguliwa shule nyingi za Kikatoliki zikiwa zimefungwa kwa mgomo. Mzazi mwenye uwezo akamtoa mtoto, akampeleka kwenye shule ya kulipia. Na hapo, wasikilizaji, habari ya shule ikageuka kuwa habari ya kodi ya nyumba.

Nenda Bel-Air, nenda Makomeno, nenda upande wa Golf, uliza nyumba. Watakutajia maji, watakutajia umeme wa SNEL, na siku hizi watakutajia shule kama vile ni sehemu ya nyumba. "Hapa mama, batoto banaenda na miguu." Maneno hayo yana bei, na bei hiyo imo ndani ya kodi. Kwa hiyo mwenye mshahara mdogo anasukumwa Annexe, huko lupango zinakokatwa kila siku mashambani, na huko ndiko shule ya serikali iko mbali zaidi. Anayehitaji shule ya bure karibu na mlango ndiye anayeishi mbali nayo. Anaishia kulipa ya kulipia iliyoko jirani, au kulipa njia kwenda kwenye ya bure.

Twende kwenye hesabu, maana jamaa nyingi zinakosea hapa, na sisi tulikosea. Tuseme una watoto wawili. Tuseme njia ni faranga 1,000 kwa kichwa, kwenda, na 1,000 kurudi. Hiyo ni faranga 4,000 kwa siku, na kwa siku 22 za shule katika mwezi ni 88,000. Zidisha kwa miezi ya mwaka wa shule, kisha nenda kwa kambiste akugeuzie kwa bei ya siku hiyo uone ni dola ngapi. Ongeza viatu, maana udongo wetu unakula viatu. Ongeza asubuhi ambazo baba au mama anachelewa kazini. Ndipo uchukue kodi ya nyumba iliyo mbali na kodi ya nyumba iliyo karibu, uziweke pamoja na hesabu hiyo. Sisi tulipofanya hivyo kwa kalamu, mezani, mke wangu alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Tulikuwa tunapanga nyumba mbili." Alikuwa na haki.

Sasa nimwambie anayetafuta nyumba majuma haya. Usiende kuiona saa tisa mchana, jua likiwa zuri na komisyonere ana muda. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ikiwa bado inauma, umemshika mkono mtoto mwenyewe atakayesoma, mtembee kutoka mlango wa lupango mpaka geti la shule kwa mwendo wake yeye. Usimvute. Akisimama kufunga kamba ya kiatu, simama. Angalia anavuka barabara gani, na kama ni ile ya makamyo ya shaba yanayoshuka Kasumbalesa, simama pembeni uhesabu yanapita mangapi kabla hujapata nafasi. Angalia mifereji. Tunatafuta nyumba wakati wa kiangazi na tunaishi humo wakati wa mvua, kwa hiyo uliza jirani, wala usimuulize mwenye nyumba, maji ya Januari hufika wapi. Ukutani mwa nyumba za matofali ya udongo mara nyingi alama iko palepale, mstari wa rangi nzito karibu na goti. Mvua imekwisha kuandika, wewe usome.

Ukifika shuleni, usitazame rangi ya ukuta. Uliza kalasi ya kwanza ina watoto wangapi. Uliza kama mtoto wako atasoma asubuhi au mchana, kwa sababu njia iliyo salama saa moja asubuhi si lazima iwe salama saa kumi na moja na nusu jioni, radi zinapiga na giza linakaribia. Kama ni shule ya kulipia, uliza karatasi ya kutambuliwa na serikali, hiyo wanayoiita agrément. Mtoto wa kalasi ya sita anayengoja mtihani wa taifa anaweza kugundua kwa kuchelewa sana kwamba shule yake haina haki ya kumwandikisha kwa jina la shule. Na tafuta vyoo. Mama mmoja jirani yetu alimhamisha bintiye kwa sababu hiyo moja tu, mtoto alikuwa hanywi maji siku nzima ili asihitaji kwenda.

Kuna jambo la pili lililonisumbua zaidi hata ya kile kijito. Mpangaji hakai. Mwenye nyumba anapata mtu wa kulipa zaidi, au anataka kumwingiza shemeji yake, na notisi inakuja mwezi wa pili, katikati ya mwaka. Familia inahamia komine nyingine. Shule ya zamani inashikilia bulteni mpaka deni limalizike. Shule mpya inasema nafasi zimejaa. Mtoto anakaa nyumbani juma moja, majuma mawili, halafu anaingia kalasi ambayo hesabu wamekwisha fika kwenye kugawanya wakati yeye alikuwa bado kwenye kuzidisha. Mwalimu mwenye watoto mia hana jinsi ya kumrudia mmoja. Mara ngapi tunasema mtoto huyu ni mzito, kumbe amehama mara tatu? Kama unaandika mkataba wa kodi, na uuandike hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kanisa lako, omba tarehe ya mwisho iwe mwezi wa saba. Pigania hilo kama unavyopigania bei. Na wenye lupango wanaonisikiliza, nawaomba kwa heshima: hata kama mnataka nyumba yenu, na ni haki yenu, ngojeni likizo kubwa.

Hayo ndiyo mzazi anaweza kufanya kwa mikono yake. Lakini sikubali kwamba mzigo wote ni wa mzazi. Mashamba yanapokatwa kuwa lupango kule pembeni ya mji, watu wanapimiwa mita zao, wanapewa karatasi, na mara nyingi mahali pa shule hapakuachwa. Miaka kumi baadaye watu wamejaa, na kiwanja pekee kilichobaki wazi ni kile cha bondeni ambako maji hukaa. Ukinunua huko, au ukipanga huko, una haki ya kuingia kwa shefu wa kartie ukamwuliza akuonyeshe kwenye ramani kiwanja cha shule ya serikali kiko wapi, na kama kipo, nani amejenga juu yake.

Sisi tulihama, mwisho wa mwaka ule wa kiatu kimoja. Nyumba ya sasa ina vyumba viwili, haina kisima, na kodi ni kubwa. Kengele ya shule ni rimu ya kamyo iliyotundikwa kwenye mwembe, wanaipiga kwa chuma, na mke wangu akiisikia akiwa jikoni anajua mtoto ataingia baada ya muda gani. Lakini majirani zetu wa zamani bado wako kule, na watoto wao bado wana mvua nyingine inayokuja. Kwa hiyo nimerudi mara mbili mwezi huu. Wanaume wa mtaa wameleta nguzo mbili za chuma za kulaza juu ya kijito, kutoka kwa mtu anayeuza vyuma chakavu, na fundi amekubali kuzifunga kwa sementi kabla ya Oktoba kama tutapata mifuko minane. Tunayo mitano. Jumamosi asubuhi tunakutana pale kijitoni, na baada ya kazi tutakwenda pamoja kwa shefu wa kartie kuuliza juu ya ile ramani.